Seraphino Antao: Kijana wa Mombasa aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza

KENYA inapotajwa katika riadha, wengi huwazia nyanda za juu za Bonde la Ufa na mbio za masafa marefu. Hata hivyo, dhahabu ya kwanza ya nchi hii katika Michezo ya Jumuiya ya Madola haikutoka milimani. Ilitoka kisiwani Mombasa, tena katika mbio fupi, na aliyeileta ni marehemu Seraphino Antao.

Antao alizaliwa Mombasa mnamo Oktoba 30, 1937, katika jamii ya Wagoa, watu wenye asili ya Goa, pwani ya magharibi ya India. Uhusiano wa sehemu hizo mbili ni wa kale. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kando ya Mji wa Kale mwaka wa 1593, makao makuu ya utawala wao wa mashariki yalikuwa Goa. Karne tatu baadaye, chini ya Mwingereza, Wagoa wengi walikuja Mombasa kutafuta riziki kama makarani, washonaji na wapishi, wakaanzisha shule na vilabu vyao.

Enzi hizo shule zilitengwa kwa misingi ya rangi, kila jamii na yake. Uwanja wa riadha ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo vijana wa jamii mbalimbali wangeweza kupimana nguvu bila kuulizana asili. Ni humo alimokulia Antao kimichezo, akinolewa na kocha Ray Batchelor.

Njia ya ushindi haikuwa nyepesi. Mnamo 1958 alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Cardiff, ambako Arere Anentia na Bartonjo Rotich walitwaa medali za shaba, naye akarudi mikono mitupu. Mwaka wa 1960 alishiriki Olimpiki ya Roma, na huko pia hakupata medali. Wengine wangekata tamaa, lakini yeye alirejea mazoezini.

Jitihada zake zilizaa matunda mjini Perth, Australia, mnamo Novemba 1962, katika michezo iliyokumbukwa kwa joto lake kali. Katika fainali ya yadi 100 alikabiliana na Harry Jerome wa Kanada, aliyekuwa miongoni mwa wanaume wenye kasi zaidi duniani. Jerome aliumia mguu katika mbio hizo na kumaliza wa mwisho. Antao alikata utepe kwa sekunde 9.5, mbele ya Tom Robinson wa Bahamas. Kisha akaongeza dhahabu ya pili katika yadi 220. Alikuwa na umri wa miaka 25, na Kenya ilikuwa bado koloni, ikisalia na mwaka mmoja tu kupata uhuru.

Mwaka huo huo alitunukiwa Tuzo ya Helms kwa bara la Afrika. Heshima kubwa zaidi ilimjia Oktoba 1964 huko Tokyo, alipobeba bendera ya Kenya huru katika Olimpiki yake ya kwanza. Nyota yake ya ukimbiaji ilikuwa ikififia, na katika michezo hiyo Wilson Kiprugut ndiye aliyepata shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki.

Miaka miwili baadaye, mjini Kingston, Kipchoge Keino na Naftali Temu walitwaa dhahabu katika masafa marefu. Tangu hapo sifa za Kenya zikaegemea upande huo, na jina la mwanambio wa Pwani likaanza kusahaulika. Yeye mwenyewe alistaafu na kuhamia London, ambako alifariki Septemba 6, 2011 akiwa na umri wa miaka 73.

Uzito wa alichokifanya ulidhihirika Agosti 2022 mjini Birmingham, Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wanahabari waliposaka rekodi ili wajue ni Mkenya gani mwingine aliyewahi kutwaa taji la mbio hizo fupi, walirudi nyuma miaka 60 kabla ya kulifikia jina moja tu: Seraphino Antao wa Mombasa.