René Steyaert: Mbelgiji aliyekipa jina kifo cha kahawa ya Beni

Mkulima wa robusta wilayani Beni aliyebandua gome la mbuni uliokuwa ukinyauka, miaka ya 1990, alikuta michirizi ya buluu iliyokaribia weusi ndani ya mti. Majani yalikuwa yamejikunja na kupukutika. Matunda yalibaki matawini, mekundu kabla ya wakati wake. Baada ya miezi michache mti mzima ulikuwa kuni.

Kwa wengi ulionekana ugonjwa mpya. Haukuwa mpya. Ulikuwa umeandikwa, ukachorwa na kupewa jina la kisayansi mwaka 1948, katika jarida la chama cha botania cha Ubelgiji. Aliyeuandika ni René Steyaert, mtaalamu wa kuvu aliyezaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1978.

Jina lake halimo katika orodha ya Wabelgiji wanaokumbukwa Kivu Kaskazini. Hata hivyo makala nyingi za kisayansi juu ya mnyauko wa kahawa hulitaja, kwa sababu ni desturi ya botania jina kamili la kuvu lifuatwe na jina la aliyeieleza kwanza: Fusarium xylarioides Steyaert. Tanzania wanauita mnyauko fuzari. Wakongo wanaosoma Kifaransa wanaujua kama trakeomikozi.

Kazi ya Steyaert katika Kongo ya Kibelgiji haikuanzia kwenye kahawa. Ilianzia kwenye pamba, zao ambalo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa kaskazini kulilima. Alifanya utafiti Bambesa, Uele ya Chini, mbali sana na milima ya Butembo.

Mwaka 1933 yeye na mwenzake Vrydagh walichapisha utafiti juu ya maradhi mabaya ya mipamba. Walionyesha kwamba vidonda vya mipamba ile vilitokana na mdudu mfyonza utomvu aitwaye Helopeltis. Ndugu zake mdudu huyo wanafahamika pia kusini mwa Tanzania, ambako huitwa mbu wa mikorosho.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kilimo Kongo, INEAC, ambayo makao yake yalikuwa Yangambi, kando ya mto Kongo. Taasisi hiyo ilianzisha mfululizo wake wa machapisho ya kisayansi, na toleo la pili, la mwaka 1935, liliandikwa na Steyaert.

Toleo hilo linastahili kusomwa hata leo. Lilimhusu ruhuka, mdudu mdogo mweusi anayetoboa tunda la kahawa, na kuvu iitwayo Beauveria bassiana ambayo humuua. Steyaert hakuridhika kusema kwamba kuvu hiyo ipo. Alichunguza ni mazingira gani yanaifanya iongezeke. Leo Beauveria hukuzwa viwandani na kuuzwa kama dawa ya kibiolojia katika nchi nyingi. Miaka hiyo hilo lilikuwa wazo la watu wachache.

Baadaye ndipo ikaja kazi iliyomweka katika historia ya kahawa. Tangu mwaka 1927 mibuni ilikuwa ikifa Ubangi-Shari, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mnamo 1948 Steyaert aliieleza kuvu iliyohusika na kuipa jina. Ni kuvu inayoingia kupitia jeraha, ikafika kwenye mirija inayopandisha maji na kuiziba. Mti hufa kwa kiu hata kama udongo una unyevu.

Miaka miwili baadaye Heim na Saccas, waliochapisha kwa Kifaransa, waliipata hatua nyingine ya maisha ya kuvu hiyohiyo na kuipa jina tofauti, Gibberella xylarioides. Kwa miongo mingi kuvu moja ikabeba majina mawili. Ilikuwa ni mpaka mwaka 2011, kanuni za kimataifa zilipoamua kwamba kuvu moja itakuwa na jina moja, ndipo njia ikafunguka kwa jina la Steyaert kutumika peke yake.

Hakuwa mtu wa kukwepa mabishano. Mwaka 1949 alichapisha Brussels utafiti mrefu uliolivunja kundi la kuvu la Pestalotia kwa kuhesabu seli ndani ya mbegu zake: zenye seli sita zilibaki, zenye tano akaziita Pestalotiopsis, zenye nne Truncatella. Mmarekani Emil Guba alimpinga kwa miaka, hata akaandika kitabu kizima mwaka 1961 bila kuukubali mgawanyo huo. Sayansi ilikwenda na Steyaert. Wanaochunguza madoa ya majani ya chai na michikichi bado wanatumia neno Pestalotiopsis. Miaka yake ya baadaye aliitumia kwa Ganoderma, kuvu ngumu kama ubao zinazoozesha miti, ikiwemo michikichi.

Wakati huo Kongo ilikuwa imeudhibiti mnyauko. Miaka ya 1950 mashamba yaliyoathirika yaling'olewa na kuchomwa, kisha ikapandwa miche iliyochaguliwa kwa kustahimili ugonjwa. Dawa ya kunyunyizia haikuwepo, na haipo hadi leo. Tiba ilikuwa moto, subira na mche sahihi.

Maarifa hayo yalikaa kwenye karatasi. Yaliandikwa kwa Kifaransa, yakachapishwa Brussels au Paris, yakasomwa na maofisa wa vituo na mameneja wa mashamba makubwa. Mkulima mdogo aliambiwa ang'oe, sababu hakuelezwa. Baada ya uhuru wa 1960 vituo vingi vilipoteza watu na fedha, na INEAC nafasi yake ikachukuliwa na INERA. Kizazi cha mabwana shamba waliouona ugonjwa kwa macho kikaondoka.

Ulirudi kupitia Isiro, kaskazini-mashariki, kuanzia miaka ya 1970. Kutoka huko ulishuka hadi Beni. Mwaka 1993 ulithibitishwa Bundibugyo, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka, na muda si mrefu baadaye Kagera, Tanzania. Katika miaka iliyofuata Uganda ilipoteza karibu nusu ya robusta yake.

Njia za kuenea zilikuwa za kawaida kabisa: panga lililotoka mti mgonjwa kwenda mzima, miche iliyonunuliwa bila kuulizwa ilikotoka, na kuni. Mkulima aliyepoteza mibuni yake alibeba magogo nyumbani apikie, akiyapitisha katikati ya shamba la jirani.

Butembo ilipata nafuu ambayo wengi hawakujua imetoka wapi. Milimani humo, kama ilivyo Lubero, kahawa ni arabika. Kuvu iliyoua robusta ya Beni na Uganda ni ya aina tofauti na ile inayoua arabika nchini Ethiopia. Mlinzi wa kahawa ya Butembo alikuwa aina ya mbuni wenyewe.

Mwaka 1996 mtaalamu wa Uingereza Julie Flood aliandika ripoti ya ugonjwa huo kwa shirika la kahawa la Zaire. Kisha, kati ya 2000 na 2007, mpango wa kikanda uliwakutanisha watafiti wa Kongo, Uganda, Tanzania, Ethiopia na wengine. Safari hii karibu kila kitu kiliandikwa kwa Kiingereza. Watafiti wa Kongo walishiriki na majina yao yamo, lakini mwanafunzi wa kilimo Butembo, anayefundishwa kwa Kifaransa, alijikuta na maktaba mbili juu ya ugonjwa mmoja: ya zamani iliyoko Ubelgiji, na mpya iliyo katika lugha asiyosomea.

Wakulima wengi wa robusta wa Beni hawakuzisubiri zote mbili. Walipanda kakao.

Mwaka 2021 watafiti wa London waliamsha vimelea vya mnyauko vilivyohifadhiwa kwenye baridi kali, vingine tangu miaka ya 1950, wakavisoma vinasaba. Walikuta dalili kwamba kuvu hiyo iliwahi kuchukua vinasaba kutoka kuvu jamaa yake ishambuliayo mazao mengine, jambo ambalo huenda ndilo lililoipa nguvu ya kuua kahawa. Makala yao imewekwa wazi kwenye intaneti, bila malipo, kwa Kiingereza.