Karani wa Bandarini na Mwalimu wa Cambridge

Hapa chuoni mtu hupimwa haraka. Umetoka shule gani, lafudhi yako ya wapi, umebeba sapu ngapi. Kabla hujakaa kwenye kimbweta, wenzako wameshakupa cheo. Mimi nasoma hisabati, na katika fani yetu kuna jina ambalo halitajwi bila heshima, la mtu ambaye kwa vipimo vyetu tungemwita wa kudisko. Ni Srinivasa Ramanujan.

Alizaliwa mwaka 1887 huko Erode, kusini mwa India, akakulia mji wa Kumbakonam. Baba yake alikuwa karani katika duka la nguo. Familia ilikuwa ya Kibrahmini, yenye hadhi kubwa ya kidini ila mfukoni hakuna kitu. Akiwa kijana alipata kitabu kimoja kikubwa cha kanuni za hisabati, ambacho kiliorodhesha maelfu ya kanuni bila kueleza sana zilikopatikana. Yeye akaanza kuzitafuta njia zake mwenyewe, na baada ya hapo masomo mengine yakamshinda kabisa. Chuo cha kwanza kikamnyang'anya ufadhili. Akaenda kingine kule Madras, akafeli tena mitihani. Akawa kijana asiye na cheti, mwenye madaftari tu yaliyojaa hesabu. Mwaka 1912 ndipo akapata ukarani kwenye ofisi ya bandari ya Madras, mshahara wa pauni 20 kwa mwaka.

Januari 1913 aliandika barua kwa G. H. Hardy, mwanahisabati wa Chuo cha Trinity, Cambridge. Wanahisabati wengine wawili wa huko huko walikuwa wameshapata maandishi yake, wakayarudisha bila msaada wowote. Hata Hardy mwanzoni alihisi huenda ni utapeli. Ebu fikiria: bahasha imetoka koloni, mwandishi ni karani, hana digrii, ametuma kurasa za kanuni bila uthibitisho. Lakini Hardy hakuitupa. Jioni akakaa na mwenzake Littlewood wakaipitia mstari kwa mstari. Nyingine walizijua, nyingine hawakuwahi kuona kitu cha kufanana nazo. Hardy akaona kwamba lazima ziwe za kweli, maana hakuna tapeli mwenye akili ya kuzibuni.

Watu wengi husimulia kisa hiki kana kwamba dhana mbaya ilikuwa ya Mzungu peke yake. Si kweli. Ramanujan naye alikuwa na ukuta wake. Kwa Mbrahmini mshika dini wa siku zile, kuvuka bahari kwenda Ulaya kulikuwa ni kujitia unajisi, na alipoitwa mara ya kwanza alikataa. Ikabidi mwanahisabati mwingine, E. H. Neville, aliyekuwa Madras mapema mwaka 1914, ambembeleze. Machi mwaka huo akapanda meli.

Wawili hawa hawakufanana kwa lolote. Hardy hakuamini Mungu. Ramanujan alisema kanuni zake huletwa na mungu wa kike wa nyumbani kwao, Namagiri. Hardy alidai uthibitisho wa kila hatua. Mwenzake alikuja na jibu kwanza. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa kazi yao kubwa. Chukua namba 4. Unaweza kuigawa kwa njia tano: 4, 3+1, 2+2, 2+1+1, 1+1+1+1. Rahisi, sivyo? Sasa chukua 200. Njia ni 3,972,999,029,388. Mwaka 1918 wawili hao walitoa kanuni inayofikia idadi za namna hiyo kwa usahihi wa kushangaza. Sidhani kama mmoja wao angefika peke yake.

Ila urafiki huu ulikuwa na upofu wake, na hapo ndipo huwa nasimama nikisoma. Vita Kuu ilianza miezi michache baada ya Ramanujan kufika. Hakula nyama, alijipikia mwenyewe, na mboga zikawa adimu. Siku moja mwanafunzi mwenzake kutoka India, Mahalanobis, alimkuta akilalamika kwamba usiku baridi inamtesa, analala na koti. Kumbe mablanketi yalikuwepo kitandani, yametandikwa na kuchomekwa vizuri, ila hakujua kwamba mtu anaingia katikati yake. Hakuna aliyemwonyesha. Watu wa Cambridge waliijua akili yake, lakini hawakujua analalaje.

Mwaka 1917 akaugua vibaya. Mwaka huohuo jaribio la kumpa nafasi Trinity lilikwama, na ubaguzi ulichangia. Mwaka 1918 akachaguliwa Royal Society, kisha Trinity nayo ikampokea. Hardy alikuwa akienda kumtazama hospitalini. Siku moja akamwambia teksi aliyopanda ilikuwa na namba isiyo na maana, 1729. Mgonjwa akakataa papo hapo: hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote inayoandikika kwa njia mbili kama jumla ya namba mbili zilizozidishwa mara tatu zenyewe, yaani 1 na 12, au 9 na 10.

Alirudi India mwaka 1919, akafa Aprili 26, 1920, akiwa na miaka 32. Inasimuliwa kwamba Hardy aliwahi kuwapa wanahisabati alama za kipaji: yeye mwenyewe 25, Littlewood 30, Ramanujan 100. Na hadi uzeeni alisema mchango wake mkubwa katika hisabati ni kumgundua karani yule.

Kwa hiyo muhula huu, ukipangiwa chumba na mtu wa mbali ambaye lafudhi yake inakuchekesha, soma barua yake kwanza, kama Hardy. Halafu fanya na la Mahalanobis: muulize kama usiku analala.