Baron Empain, mwenye reli ya Kindu

Kwa njia ya zamani, mtu anayetoka Kisangani kwenda Kindu anapanda treni hadi Ubundu, anashuka, anaingia boti. Hii panda-shuka ilipangwa na Mbelgiji mmoja: Édouard Empain.

Alizaliwa Belœil mwaka 1852, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi. Utajiri wake ulitoka kwenye tramu, na kampuni yake ndiyo iliendesha metro ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1900. Mfalme Leopold II naye alitaka kuvuta mali ya mashariki mwa Congo. Mto upo, lakini maporomoko yanaukata. Pale boti zinasimama, watu ndio walibeba mizigo kichwani.

Tarehe 4 Januari 1902 kampuni ya reli, CFL, ikazaliwa. Kwa hesabu, Empain hakuwa mtu wa mchezo. Serkali ilimhakikishia faida ya 4 kwa mia juu ya pesa yake, hata treni ikose abiria. Tena ikampa haki ya hekta milioni 4 za ardhi. Wenye ardhi hawakuulizwa kitu.

Kisangani–Ubundu, kilometa 125, ilifunguliwa mwaka 1906. Safari ya siku nyingi za kupiga mguu kandokando ya maporomoko ikawa ya siku moja. Kindu–Kongolo, kilometa 355, ikafuata, halafu Kabalo–Kalemie mwaka 1915.

Nani alitandika vyuma? Mwaka 1906 amri ya serkali iliruhusu kushika wanaume kwa nguvu, wajenge hii reli miaka mitano. Mashamba yakabaki kwa wanawake. Na kazi ilipokwisha haikuisha kweli, juu treni ilikula kuni: vijiji vya njiani vikaendelea kukata miti.

Empain, baron tangu mwaka 1907, alikuwa tayari anajenga mji mwingine, Heliopolis, karibu na Cairo. Mwaka 1928, CFL ikiwa ndani, likaanzishwa Comité National du Kivu, likagawia wazungu mashamba ya kahawa Kivu, kwenye milima ambako treni ya baron haikufika hata siku moja.

Mwaka uliofuata alikufa kwao Ubelgiji. Mwili ulipelekwa Misri, ukazikwa chini ya kanisa alilojenga Heliopolis.