Sista wa Nkubu aliyeuawa Mogadishu, na mlinzi tunayemsahau

Ukipanda matatu Embu mjini kuelekea Meru, utapita Runyenjes, Chuka na Chogoria, na kabla hujafika Meru mjini kondakta ataita Nkubu. Pengine unaijua Nkubu kwa soko na baridi ya asubuhi tu. Sasa hebu nikuongezee kitu. Hapo kuna hospitali ya Consolata, na hospitali hiyo ina shule ya wauguzi. Mwaka wa 1985 shule ile ilipata mwalimu mkuu mpya, mtawa Mwitaliano aitwaye Leonella Sgorbati. Aliuawa Mogadishu mwaka wa 2006, wewe pengine ukiwa bado unabebwa mgongoni au hujazaliwa.

Najua unajiuliza stori ya mtawa inatafuta nini kwenye ukurasa wa vijana. Nipe dakika tano.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1940 kijijini Rezzanello, karibu na mji wa Piacenza, Italia. Jina la nyumbani lilikuwa Rosa. Akiwa na miaka 16 alimwambia mamake anataka kuwa mtawa. Mama hakutaka kusikia. Alimwambia angoje hadi afike miaka 20, kama wazo hilo litakuwa bado lipo. Rosa akangoja. Mwaka wa 1963 akajiunga na masista wa Consolata, akapelekwa Uingereza kusomea unesi, na mwaka wa 1970 akatua Kenya.

Hakuna sinema hapo. Kwa miaka 13 alifanya kazi kwa zamu kati ya hospitali ya Mathari, Nyeri, na ile ya Nazareth, pembezoni mwa Nairobi. Mwaka wa 1983, akiwa na miaka 42, akarudi darasani kuongeza masomo ya uuguzi. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, nikisoma hapo huwa nanyamaza kidogo. Baada ya masomo hayo ndipo akaletwa Nkubu, na kazi yake ikabadilika. Nesi mmoja anahudumia wodi moja. Mwalimu wa manesi anahudumia wodi ambazo hatawahi kuziona.

Mwaka wa 1993 alichaguliwa kuwaongoza masista wenzake wa Consolata nchini Kenya, kazi aliyoifanya kwa miaka sita. Alipomaliza alikuwa anakaribia miaka 60. Angeomba chumba chenye jua na bustani, nani angemlaumu?

Yeye akaenda Mogadishu.

Watu wa Meru wana njia yao ya kuijua Mogadishu: miraa. Ndege za miraa kutoka Wilson ziliendelea kutua Somalia hata bunduki zikilia. Leonella alienda mwaka wa 2001 na mzigo tofauti. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka mwaka wa 1991, na tangu hapo jiji lilikuwa mikononi mwa makundi yenye silaha. SOS, shirika la kulea watoto, lilikuwa na hospitali pale na lilitaka kujua kama shule ya manesi inawezekana. Mwaka wa 2002 shule ikafunguliwa. Mwaka wa 2006 wanafunzi 34 wa kwanza wakahitimu. Vyeti vyao vilitolewa na Shirika la Afya Duniani, maana hapakuwa na serikali yenye nguvu ya kuvitoa.

Usidhani hakujua hatari. Oktoba 2003 Mwitaliano mwenzake, Annalena Tonelli, aliyetibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Somalia, alipigwa risasi hospitalini kwake mjini Borama. Shule ya Mogadishu haikufungwa. Na huko hakuna mgeni aliyetembea bila mlinzi mwenye bunduki.

Katikati ya 2006 Leonella alikuja Kenya na wahitimu watatu ili wasajiliwe kwa masomo zaidi, warudi kuwafundisha wenzao. Hapo ndipo utaona akili yake. Alikuwa anaandaa watu wa kuchukua nafasi yake. Mwenyewe alipata shida kupata kibali cha kurudi, kwa kuwa Mahakama za Kiislamu zilikuwa zimeshika jiji mwezi Juni na kuleta masharti mapya. Hatimaye akapata, akarudi tarehe 13 Septemba. Siku moja kabla, Papa Benedict alikuwa ametoa hotuba Ujerumani iliyowakasirisha Waislamu wengi duniani. Mauaji yaliyofuata wengi waliyahusisha na hasira hiyo.

Jumapili, Septemba 17, mchana, alimaliza kufundisha, akatoka hospitalini kwenda nyumbani kwake ng'ambo ya barabara. Ni hatua chache tu. Kando yake alikuwa mlinzi wake, Mohamed Mahamud, Mwislamu, baba wa watoto wanne. Watu wawili wenye bunduki wakawafyatulia risasi. Leonella alikimbizwa ndani ya hospitali ile ile, akafariki akiwa na miaka 65. Waliokuwa naye wanasema alitamka mara tatu kwamba amesamehe. Mohamed naye akafa.

Mwili wa sista ulisafirishwa hadi Nairobi kwa mazishi. Tarehe 26 Mei 2018 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri, kule Piacenza. Ukitafuta jina lake mtandaoni utapata picha na maombi. Ukitafuta la Mohamed, utapata sentensi moja ndani ya stori ya mtu mwingine.

Hapo ndipo nilitaka tufike. Mwaka wa 2024 wafanyakazi wa misaada zaidi ya 380 waliuawa duniani, wengi wao Gaza na Sudan. Karibu wote walikuwa wenyeji wa nchi hizo hizo: dereva, nesi, mtu wa stoo. Na hapa kwetu, Aprili 2019, madaktari wawili wa Cuba walitekwa nyara Mandera wakienda kazini. Majina yao tuliyasikia kwenye habari miezi na miezi. Askari aliyekuwa akiwalinda aliuawa papo hapo. Unakumbuka jina lake? Mimi pia sikumbuki.

Nina rafiki, tulianza chuo pamoja, yeye akamaliza unesi. Amekaa nyumbani Embu muda mrefu bila ajira, na sasa ameitiwa kandarasi ng'ambo ya mpaka. Pesa ni nzuri. Mamake hataki kusikia, kama mama wa Rosa. Akaniuliza mimi, eti mimi, kama aende.

Sikumwambia aende wala asiende. Nilimsimulia hii stori, kisha nikamwambia kabla hajatia sahihi aulize mambo mawili. Kwanza, je, kuna mwenyeji anayefunzwa kazi hiyo, ili siku wageni wakiondoka wagonjwa wasibaki peke yao? Pili, dereva na yule wa kushika bunduki langoni, wana bima kama yake?

Bado anangoja jibu la swali la pili.