Baker: Mwingereza aliyefundisha upanzi wa miti kwa ngoma

Richard St. Barbe Baker, aliyezaliwa Uingereza mwaka wa 1889, alifika Kenya mwaka wa 1920 akiwa afisa wa misitu. Alikuta misitu ikitoweka, na vijana wengi wakiamini kuwa kuotesha miti ni kazi ya Mungu pekee. Badala ya kuwashurutisha, aliitumia desturi yao ya ngoma.

Mnamo Julai 1922, kwa msaada wa chifu Josiah Njonjo, aliwaalika Muguga, magharibi ya Nairobi, kucheza ngoma ya miti. Walifika wapatao 3,000. Vijana 50 waliteuliwa, wakaapa kupanda miche 10 kila mwaka na kulinda miti iliyokuwapo. Ndicho chanzo cha Watu wa Miti, chama kilichoenea ng'ambo.

Baker alifariki Kanada Juni 1982, siku chache baada ya kupanda mti wake wa mwisho.