Bibi Joy Adamson: Mchoraji wa Watu Aliyehamia kwa Simba

Ukitaja Meru hapa Mombasa, wa kwanza kukujibu ni muuza miraa. Atakupa habari za Maua na milima ya Nyambene, na saa ambayo gari hufika. Lakini ulimwengu wa nje uliijua Meru kwa jambo jingine, nalo ni simba jike mmoja aliyeitwa Elsa na bibi wa Kizungu aliyemlea. Bibi huyo ni marehemu Joy Adamson. Kisa chake nimekirudia kwa sababu ya picha ya sinema iliyotoka mbali sana na kwetu.

Mwaka 2023 Mjapani Ryusuke Hamaguchi alitoa sinema ambayo jina lake lina maana kwamba uovu haupo. Ni habari ya kijiji cha milimani ambako kampuni ya mjini inataka kujenga kambi ya watalii wenye pesa, na wanakijiji wanaogopa kwamba maji ya vyoo yataharibu chemchemi wanayoinywa. Huko Venice ikapewa tuzo iitwayo Simba wa Fedha. Kilichonigusa ni kuwa wanakijiji wale wanaachwa waseme mpaka wamalize. Nikaikumbuka Born Free, sinema ya Elsa niliyoiona utotoni, nikajiuliza: mbona wenye mbuzi hatukuwasikia?

Joy hakuwa Mwingereza, ingawa wengi hudhani hivyo. Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria na ambao leo ni Opava katika nchi ya Cheki, akapewa jina la Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937, akiwa mke wa Viktor von Klarwill. Ndoa ile haikudumu. Mumewe wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, naye ndiye aliyembandika jina la Joy. Bibi akawa anamchorea maua na majani, na mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Mwaka 1944 akaolewa mara ya tatu, na George Adamson, bwana nyama wa jimbo la kaskazini, makao yake Isiolo.

Hapa pana sehemu ya maisha yake ambayo wapenzi wa simba huipita mbio, nami naona ndiyo iliyo bora. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa Kenya katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kabla hayajapotea. Alizunguka miaka kadhaa, akaingia Umeru na kwa makabila mengine ya bara, mpaka huku kwetu pwani akafika. Picha hizo ni mamia. Nimezitazama katika Makumbusho ya Nairobi. Ushanga umehesabiwa punje kwa punje, na macho ya wazee yanakutazama kama wanaotaka kujua umekuja kufanya nini. Kwa mtu kuchorwa namna ile, lazima mchoraji awe amekaa mbele yake saa nyingi, kimya, akimwangalia kama mtu.

Kisha akaja Elsa. Mwezi Februari 1956 Bwana Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, na baadaye akagundua kuwa alikuwa akilinda watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao akabaki nyumbani Isiolo. Alipokua, mume na mke wakaamua kumfundisha kuwinda ili aishi porini mwenyewe. Walijaribu kwanza upande wa Umasai, hali ya hewa ikamshinda. Ndipo wakamleta Meru, kando ya mto Ura, katika nyika ya joto iliyo chini ya Nyambene.

Nyika ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya wanyama na baraza la wilaya ya Meru lenyewe, wala haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ng'ambo na kando yake waliishi Watharaka, watu wa mtama na mawele, wa mizinga ya nyuki na mbuzi. Kwa Mtharaka mbuzi ni mahari, ni karo, ni akiba ya mwaka wa njaa.

Elsa alizaa watoto watatu Desemba 1959. Mwaka uliofuata kitabu cha Born Free kikatoka, kikauzwa kwa mamilioni. Lakini wakati watu wa London wakikisoma na kutokwa machozi, baraza la Meru lilikuwa likitaka simba hao waondolewe, kwa kuwa simba aliyewazoea watu hana hofu ya boma. Januari 1961 Elsa akafa kwa maradhi ya kupe, akazikwa pale pale kando ya Ura. Watoto wake, ambao hawajajua kuwinda sawasawa, wakaanza kuingia katika maboma ya mbuzi usiku. Mmoja, dume aitwaye Jespah, alichomwa mshale, na chembe yake ikabaki mwilini. Mwaka huo huo Wazungu wale wakawanasa wote watatu, wakawapeleka Serengeti. Joy aliwatafuta huko miezi mingi, akiutaja mshale ule kila mara. Namuonea huruma, maana alikuwa mama kwao. Lakini aliyeutupa mshale naye alikuwa na watoto.

Dini yetu haikatazi kutenga ardhi kwa maslahi ya umma. Waliosoma wanajua habari ya hima. Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka Hunayy kusimamia hima, alimuagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache waingie, na matajiri awazuie, kwa sababu tajiri mifugo yake ikifa ana mitende na mashamba ya kurejea, na maskini hana. Mashauri ya Ura yalihitaji mtu wa kukumbusha jambo kama hilo.

Sinema ilitoka mwaka 1966, imepigwa upande wa pili wa Mlima Kenya, karibu na Naro Moru. Virginia McKenna akacheza kama Joy, na muziki wake ukapata Oscar mbili. Wanakijiji wamo: mwanzoni mwanamke anauawa na simba akiwa mtoni, na baadaye ndovu wanavuruga mashamba. Lakini wakishaumia wanatoweka, na kamera inarudi hemani. Nilipokuwa mtoto sikuliona hilo. Nilimlilia Elsa kama wengine.

Si haki kumlaumu bibi kwa yote. Sehemu kubwa ya mapato ya vitabu aliitoa kwa ajili ya wanyama, na Meru ilipofanywa mbuga ya taifa katika miaka hiyo, fedha za jina la Elsa zilikuwa zimesaidia. Yeye mwenyewe alirudi huko kumlea duma aitwaye Pippa, huku mumewe akikaa na simba katika kambi nyingine ya mbuga hiyo hiyo. Mwaka 1969 mambo yakaharibika kwa pamoja: Pippa alikufa, simba mmoja wa Bwana Adamson alimjeruhi mtoto wa mkuu wa mbuga, na ajali ya gari ikamlemaza Joy mkono wa kulia. Mkono uliochora wale wazee haukurudi tena kuwa ule.

Mumewe akahamia Kora, yeye akashika nyumba yake ya Naivasha, na baadaye akaenda Shaba, karibu na Isiolo, kumlea chui. Huko aliuawa tarehe 3 Januari 1980. Kwanza ilisemwa ameuawa na simba, na dunia ikasadiki upesi. Haikuwa hivyo. Mahakama ilimtia hatiani mtumishi wake wa zamani, kijana ambaye hakunyongwa kwa kuwa umri wake ulikuwa na shaka. Waliomjua walisema bibi alikuwa mkali kwa watumishi kupita kiasi, na mpole kwa wanyama kupita kiasi. Bwana Adamson naye aliuawa na majangili Kora, Agosti 1989.

Mwili wa Joy ulichomwa moto, kama walivyo baadhi yao, na majivu yakagawanywa: mengine kwenye kaburi la Pippa, mengine kwa Elsa kando ya Ura. Watalii hufika hapo kwa njia ya Maua, wakashuka nyikani kwenye joto, wakapiga picha jiwe. Ng'ambo ya mto jioni husikika kengele za mbuzi wakirudishwa bomani.