Dereva Aliyenyimwa Uwanja

Charlie Wiggins, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1897 mjini Evansville, katika jimbo la Indiana, aliingia katika ulimwengu wa magari akiwa mng'arisha viatu mbele ya karakana. Hapo ndipo alipochukuliwa kuwa mwanagenzi wa ufundi. Mwaka 1922 yeye na mkewe Roberta walihamia Indianapolis, mji wenye mashindano mashuhuri ya maili 500 yaliyoanza mwaka 1911.

Lakini Indiana ya siku hizo ilikuwa mikononi mwa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi lililojipenyeza hata serikalini. Gavana Ed Jackson, aliyechaguliwa mwaka 1924, alipata kiti kwa msaada wake. Nacho Chama cha Magari cha Marekani, kilichosimamia mbio kubwa zote, hakikuwapokea madereva Weusi. Saa ya kupimia mwendo haijui rangi ya mtu, ila Wiggins hakupewa nafasi ya kupimwa nayo.

Weusi wa Indianapolis hawakukaa kulalamika. Mwaka huo huo wa 1924 waliasisi mbio zao wenyewe, ziitwazo Gold and Glory, za maili 100 katika uwanja wa maonyesho wa jimbo. Njia yake ilikuwa ya udongo mtupu, na vumbi lilipotimka dereva hakuona kilicho mbele yake. Wiggins aliingia na gari alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe kutokana na vyuma chakavu. Alishinda mwaka 1926, akashinda tena 1931, 1932 na 1933. Mara nne! Na huyu ndiye aliyedaiwa kutofaa kusimama mstari mmoja na wenzake weupe.

Mwaka 1936, katika mbio hizo hizo, magari yaligongana kwa wingi, na Wiggins akakatwa mguu wa kulia. Hakushindana tena, na mbio zenyewe zikafikia kikomo mwaka huo. Alijichongea mguu wa mti, akarejea karakanani, akaendelea kutengeneza magari na kuwafunza ufundi vijana Weusi.

Alifariki mwaka 1979. Dereva Mweusi wa kwanza kushiriki mbio za maili 500 za Indianapolis, Willy T. Ribbs, aliingia uwanjani mwaka 1991.